Alama ya Penseli

Sitasema nilimvua. Kwa kama nusu saa
yeye ndiye aliyenivua mimi,
akanikokota na kayaki yangu kuupanda mto
kama mtoto mkorofi anayeburura kiatu kwa kamba.

Ilikuwa Mto Mwekundu, chini ya bwawa la Lockport,
Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi,
nimetoka zamu ya usiku kwenye tanuri za mikate,
unga bado umo nyusini.
Ndege mwari, weupe, walijipanga kando ya povu,
midomo wameilaza vifuani
kama watu waliofika msibani mapema mno
wakakuta hata viti havijashushwa.

Kwetu kambare ni wa ndoo.
Unamtoa kwenye tope la mfereji, unamkata vipande vitatu,
anatosha sufuria na ugomvi wa nani ale kichwa.
Huyu hakuwa wa ndoo.
Huyu alikuwa uzito tu, chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa,
akigonga kichwa, du, du,
kama mpangaji wa chini anayekukataza kelele.

Mshipi ulilia. Rili ikanichoma kidole.
Nikatamani kumwita mtu, mtu yeyote:
shika wavu, shika kafi, shika hata dua.
Lakini ndani ya kayaki hakuna "shika".
Kuna magoti yako mawili
na makalio yaliyolowa.
Mkono wa kulia ufito, wa kushoto wavu,
na kwa kafi ulihitajika mkono
ambao Mungu hakuona haja ya kuniongezea.

Mara mbili nilimwona, mara mbili alinikataa.
Ya kwanza sharubu tu, za mtu aliyegombana na kinyozi.
Ya pili tumbo, jeupe kama unga wangu.
Ya tatu akaja ubavuni, amechoka, nami nimechoka,
kayaki ikalala upande, mto ukaingia surualini,
na wavu ukameza kichwa peke yake.
Mkia ulibaki nje, ukinichapa.

Nikamkumbatia. Sina neno jingine.
Alitoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.
Ute wake ukanifika kiwikoni.

Sasa, kayaki hii niliinunua kwa jirani, Bi Gudrun.
Ilikuwa ya marehemu mumewe, Einar.
Ukingoni aligundisha futikamba,
na kwenye sentimita ya themanini na nane
kuna alama ya penseli, tarehe,
na neno moja la Kiaislandi
ambalo sijawahi kuuliza maana yake.
Nikamlaza. Pua kwenye sifuri.
Mkia ukaivuka penseli
vidole viwili.

Hapakuwa na shahidi ila mwari.
Simu ilikuwa ndani ya mfuko, mfuko chini ya kiti,
na mimi juu ya kiti.
Nikachomoa ndoano, haina mwiba wa kuzuia, ndiyo sheria ya huku,
nikamshika mkia, uso wake ukielekea mkondo,
mpaka akakumbuka yeye ni nani.
Akaondoka bila haraka,
kama mwenye nyumba.

Nyumbani, Selkirk, nilikuwa naiosha kayaki kwa mpira wa bustani
alipokuja uzioni, na gauni lake la kulalia,
kikombe mkononi.
Akaitazama mikono yangu. Akanusa.
"Umemfikia Einar?"

Penseli nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa nayo tangu mtoni.

"Karibu," nikasema, kwa Kiswahili,
kwa sababu lugha yake ilinikimbia,
na kwa sababu kwa lugha yangu
ule haukuwa uongo mzima.

Ndilo neno pekee nililowahi kumfundisha.
Akafungua kijilango, akaingia,
akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akaanza kunisimulia, kwa mara ya tisa,
juu ya samaki wa Einar,
ambaye tangu juzi
alikuwa ameongezeka kidogo.